Shajara ya Kobe: magurudumu yanadanganya (Mbeya, Juni hadi Agosti 2025)

Jumapili, 8 Juni

Naanza upya kuandika maana daftari la kwanza lilijaa namba tupu, ikafika mahali nasoma "32 kwa 40, mbaya" alafu sikumbuki mbaya kwa sababu gani. Kuanzia leo naandika kila kitu hata kikiwa kirefu.

Kobe ni roboti mdogo wa magurudumu sita, kilo 4.2 pamoja na betri. Mwili ni bomba za maji za plastiki, miguu imeungwa ile staili ambayo gurudumu moja likipanda jiwe mengine yanabaki yamekanyaga chini, mfumo uleule wa roboti za Wamarekani kule Mirihi tangu Sojourner ya 1997. Gurudumu lina upana wa sentimita 12 kutoka ukingo hadi ukingo. Mbele kuna kamera mbili zimekaa kama macho, ubongo ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), kila mota ina sensa ya kuhesabu mizunguko, na kuna jairo ya kumwambia amegeuka kiasi gani. Basi.

Kazi yake ni moja. Namweka kwenye bendera, namwambia jiwe jeupe liko mita 40 mbele, digrii 15 kushoto, naondoa mkono. Afike mwenyewe, akwepe mawe na mashimo mwenyewe, asimame ndani ya mita 1 ya lile jiwe. Hakuna rimoti, hakuna GPS, hakuna dira.

Dogo (mdogo wangu, ndo msaidizi wangu, yuko fomu tatu) aliniuliza mbona namnyima dira wakati kwenye simu ipo ya bure. Nikamwambia Mirihi haina uga wa sumaku wa sayari nzima kama huu wetu, ukienda na dira itakuonyesha upuuzi, na satelaiti za GPS ziko hapa kwetu tu. Na rimoti? Ujumbe wa redio kutoka duniani mpaka Mirihi unachukua kati ya dakika 3 na dakika 22 hivi kutegemea sayari zimekaaje, kwa hiyo ukiona picha ya shimo roboti ashatumbukia zamani. Mwezini ni sekunde moja na kidogo, ndo maana Wasovieti waliweza kuiendesha Lunokhod, kigari chao cha mwezini, kutoka duniani mwaka 1970.

Kilichonitia moyo mimi ni kale karoboti ka Wajapani, SORA-Q, gramu 250 tu, ukubwa wa chungwa, kalishushwa mwezini Januari 2024 na chombo chao cha SLIM, kakafunguka, kakatembea kenyewe kakapiga picha chombo kikiwa kimesimamia pua. Hakuna mtu aliyekuwa anakaendesha. Ile picha niliiangalia sana.

Jumamosi, 14 Juni

Leo mara ya kwanza Kobe kutoka nje ya ua. Tumeenda kwenye machimbo ya zamani upande wa Uyole, shimo kubwa kama viwanja viwili vya mpira, limejaa majivu ya volkano na yale mawe mepesi tunayosugulia visigino. Yote haya yalirushwa na Ngozi na Rungwe enzi hizo. Kwa roboti wa sayari sidhani kuna mahali pazuri hivi mkoa mzima: majivu laini, mawe yenye pembe, hakuna jani, na baridi ya Juni inakung'ata masikio. Mzee anayelinda pale nilimwamkia shikamoo, akasema marahaba mwanangu, mmeleta gari la mtoto? Nikamweleza. Akavuta gogo akakaa, na hakuondoka mpaka jioni.

Matokeo: Kobe alisimama akiwa na uhakika kabisa kwamba ametembea mita 40.0. Tepu ikasema 31.4.

Nyumbani kwenye udongo mgumu alikuwa anakosea nusu mita tu. Pale kwenye majivu gurudumu linazunguka lakini roboti haendi sawa na mzunguko, linateleza, na sensa haiwezi kujua maana kazi yake ni kuhesabu mizunguko. Asilimia 21 na nusu ya safari ilikuwa ya hewa. Na mtelezo hauko sawasawa, kwenye mteremko ni mdogo, kwenye kupanda nilimwona akizungusha karibu mara mbili ya alivyosogea, kwa hiyo huwezi kusema tu "punguza asilimia 20" ukamaliza.

Hata wakubwa limewakuta. Opportunity, roboti ya Wamarekani kule Mirihi, Aprili 2005 ilizama kwenye tuta la mchanga, magurudumu yakawa yanazunguka nayo ikiamini inasonga, ikaja kutoka Juni. Baada ya hapo wakaifundisha kusimama kila baada ya umbali mfupi na kujihakikisha kwa picha kama kweli imesogea.

Alhamisi, 26 Juni

Umeme umekatika siku mbili mfululizo jioni, nimefanya kazi kwa chaji ya laptopu tu, jikoni, karibu na jiko la mkaa maana vidole vilikuwa vinaganda. Lakini hesabu ya macho imekubali, naiandika kabla sijasahau.

Iko hivi. Kobe anapiga picha kwa macho yote mawili, anatafuta vidoa visivyofanana na vingine, kona ya jiwe, ncha ya kivuli, kama 200 hivi. Kwa kulinganisha jicho la kushoto na la kulia anajua kila kidoa kiko mbali kiasi gani. Anasogea sentimita 10, anapiga tena, anavitafuta vidoa vilevile. Vikiwa vimesogea kuja kwake sentimita 8, basi yeye ndo amesogea 8, haijalishi magurudumu yanasema nini.

Shida ni kwamba vidoa vingi atavikosea, ataona jiwe hili akadhani ni lile. Hapo inakuja kura. Unachukua vidoa vitatu tu kwa kubahatisha, unakisia mwendo kutokana na hivyo vitatu, alafu unawauliza wengine wote, nani anakubali? Unahesabu. Unarudia mara mia. Kisio lenye wapigakura wengi ndo linashinda na wote waliopinga unawatoa nje. Mimi hili napenda kuliko kitu chochote kwenye mradi, ni kahesabu kafupi kama mistari 30 lakini kanasafisha takataka zote.

Wazo la roboti kupima mwendo wake kwa macho ni la zamani. Hans Moravec alikuwa na kigari chake pale Stanford, mwaka 1979 kilivuka chumba chenye viti, mita 20 hivi, kwa saa 5. Masaa matano! Kilikuwa kinasogea mita moja kinasimama kinafikiri. Sojourner nayo ilikuwa na prosesa ya megahezi 2. Pi ya Kobe ina viini vinne vya prosesa vya gigahezi 1.5 kila kimoja, kwa hiyo nguvu ya kufikiri ninayo, kazi iliyobaki ni yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Machimbo. Asubuhi, upande wenye mawe mengi: mita 40 kamili alizodhani yeye, tepu 39.3. Tumeruka na dogo kama wendawazimu. Mzee naye alipiga makofi.

Jumamosi, 5 Julai

Kobe ametumbukia mtaroni. Hakuvunjika ila mguu wa kushoto wa mbele umetoka kwenye beringi, fundi baiskeli wa Kabwe kanirudishia kwa buku mbili.

Kosa ni langu na nimelielewa. Ramani yake ni vimraba vya sentimita 10 kwa 10, kila kimraba anakiwekea alama: tambarare, mwinuko, jiwe la kukwepa. Jiwe linaonekana maana limesimama. Mtaro hauonekani, kutoka chini alipo yeye ukingo wa mbele unaficha shimo, kwa hiyo pale panabaki patupu bila data. Na mimi nilikuwa nimeandika kwamba kimraba kisicho na data ni sawa kupita. Nimebadilisha. Asichokiona sasa ni hatari mpaka atakapokiona, na vimraba vitupu vikijipanga mstari mrefu mbele yake anahesabu ni ukingo. Anakuwa mwoga kidogo, anazunguka sana, lakini mimi bora azunguke.

Njia yenyewe anaitafuta kwa A*, ile hesabu ya kutafuta njia fupi ya mwaka 1968 waliyoitunga kwa ajili ya roboti Shakey, bado inatosha kabisa kwa uwanja wa ukubwa huu.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ngumu. Naandika kwa urefu.

Tulimpeleka upande wa kusini wa shimo ambako upepo umelaza majivu yakawa laini kama unga wa sembe, hakuna jiwe hakuna kokoto. Saa kumi jioni, jua liko mgongoni kwake. Akaenda mita 6 akasimama. Akaandika kwenye logi: NIMEKWAMA. Nikamwangalia, hajakwama popote, magurudumu yako juu ya majivu vizuri tu. Nikamwanzisha tena, akaenda sentimita 40, NIMEKWAMA. Mara tano.

Nilichukua zile picha tukakaa chini na dogo tukaziangalia moja moja kwenye laptopu mpaka giza, na ni dogo aliyeona. Sista, akasema, hivi vidoa vyote viko kwenye kivuli chake. Kweli. Majivu yale hayana hata kidoa kimoja cha kushika, kitu pekee chenye kona mbele ya kamera kilikuwa kivuli cha Kobe mwenyewe, na kivuli chako unatembea nacho, hakikusogelei wala hakikuachi. Kwa hiyo kura ikapigwa, vidoa 60 vyote vikakubaliana kwa kauli moja kwamba hatujasogea hata kidogo. Na mimi kwenye programu nimeandika, magurudumu yakisema tumeenda na macho yakisema hatujaenda, amini macho, umekwama.

Yaani nilihama kutoka kumwamini muongo mmoja nikamwamini mwingine. Safari hii magurudumu ndo yalikuwa karibu na ukweli.

Nikakumbuka Ingenuity, ile helikopta ndogo ya Mirihi ya kilo 1.8. Iliruka mara 72, na safari yake ya mwisho Januari 2024 ilikuwa juu ya eneo la mawimbi ya mchanga lisilo na alama za kutosha, kamera yake ya kuangalia chini ikakosa cha kushika, ikatua vibaya na mapanga yakaharibika. Kwa hiyo ule mchanga laini wa kusini ya shimo letu siwezi kuukimbia nikasema tutafanyia majaribio kwenye mawe tu, huko ndo kwenye swali lenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Nimepanga hivi: (a) kukikata kivuli, maana saa na upande wa jua vinajulikana, kwa hiyo naweza kukisia kivuli kitaangukia wapi kwenye picha na kupapaka rangi nyeusi, (b) kila kipimo kije na shaka yake, macho yakiwa na vidoa 150 shaka ndogo, vidoa 10 shaka kubwa, magurudumu kwenye tambarare shaka ya kati, kwenye kupanda shaka kubwa sana, alafu vinachanganywa kwa njia ya Kalman ya 1960, mwenye shaka ndogo anasikilizwa zaidi. Sio kuchagua nani msema kweli tena.

(a) inafanya kazi. (b) pia inafanya kazi ila kwenye majivu laini wote wawili wana shaka kubwa kwa hiyo Kobe anaendelea kutembea huku duara lake la "nipo mahali fulani humu" linavimba, baada ya mita 20 lina upana wa mita 5. Ni mkweli lakini hajafika.

Jumapili, 20 Julai

Tulienda machimbo kupima tu, bila kuendesha. Mzee akauliza mtoto leo hatembei? Nikamweleza shida, kwamba mbele hakuna alama ya kushika. Akanyamaza kidogo alafu akasema, mwanangu, sisi zamani tukiingia msitu wa Ngozi kutafuta kuni, ukungu ukishuka huoni mbele hata hatua tano, na hakuna aliyekuwa anaangalia mbele. Tulikuwa tunakunja majani nyuma yetu, unageuka unaangalia ulikotoka, unajua umenyooka au umepinda.

Nikamwangalia Kobe, nikaangalia nyuma yake. Kwenye majivu yale matupu kulikuwa na alama moja tu duniani, mistari ya magurudumu yake.

Nimekuja kukuta hata Opportunity kwenye mchanga mtupu ilikuwa inageuziwa kamera kwenye njia zake yenyewe za magurudumu ili ipate cha kushika. Lakini mimi nilifundishwa na mzee kwanza, na nimemwambia hivyo.

Jumamosi, 26 Julai

Kamera ya nyuma: ya laptopu mbovu, elfu 15 Mwanjelwa, imefungwa juu ya mkia inaangalia chini kwenye njia ya gurudumu la kulia. Ni jicho moja tu kwa hiyo haijui umbali, ila urefu wake kutoka chini naujua, sentimita 31, na pale ni tambarare, inatosha.

Jaribio la kwanza namba zilikuwa za ajabu. Mara yuko sawasawa, mara anaruka mbele sentimita 3.1, mara anarudi nyuma 3.1, mara 6.2. Hiyo 3.1 ilinisumbua mpaka usiku. Alafu ndo nikagundua: magurudumu yana vipande 12 vya mpira wa tyubu ya baiskeli nilivyogundisha ili yashike, na mzunguko wa gurudumu ni sentimita 37.7, gawa kwa 12 unapata 3.1. Alama zote zinafanana kwa hiyo Kobe anaangalia alama ya saba anadhani ni ya nane.

Na hapa kuna kitu cha Curiosity, roboti nyingine ya Wamarekani kule Mirihi, ambacho niliwahi kukisoma nikadhani ni mapambo: magurudumu yake yana matundu yaliyopangwa kwa herufi za Morse (zile za mistari mirefu na mifupi), JPL, jina la maabara iliyoitengeneza, yanachapa kwenye mchanga kila mzunguko. Sio mapambo. Ni alama isiyofanana na jirani yake, na ukipima kutoka chapa moja hadi nyingine unajua gurudumu lilipozunguka mara moja roboti alisogea kweli kiasi gani. Jamani. Jibu la mtelezo liko limeandikwa chini kwenye mchanga, ni la kusoma tu.

Dogo kabandua vipande vyote vya tyubu kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Kakata soli ya kandambili kwa msumeno wa chuma, mistari mirefu na mifupi, K ni mrefu mfupi mrefu, O mirefu mitatu, B mrefu na mifupi mitatu, E mfupi mmoja. Kagundisha kwa gundi ya viatu. Naongeza leo Jumapili: alfajiri tulimsukuma Kobe kwa mkono uani kwenye majivu ya jikoni, ikachapa KOBE KOBE KOBE, safi kabisa.

Jumamosi, 2 Agosti

Majivu laini, upande wa kusini, palepale alipokwama. Kabla ya kuwasha kamera tulipima kwa tepu tu: kutoka K hadi K inayofuata, sentimita 30. Bila kuteleza ingekuwa 37.7. Asilimia 20 na kidogo imepotea, na ukipanda kimteremko zile herufi zinabanana, 24, 22, mpaka mzee ambaye hajui Morse alikuwa anasema hapa ameteleza sana, hapa kidogo, kwa kuangalia tu.

Mbio za kwanza zilivurugika kwa sababu nyingine, fremu za kamera ya nyuma zilikuwa zinachelewa kuandikwa kwenye memori kadi zikapewa muda usio wake, kwa hiyo Kobe alikuwa anasahihisha kosa la sekunde iliyopita, akawa anayumba kushoto kulia kama amelewa. Ingenuity ilipatwa na kitu kama hiki kwenye safari yake ya sita, Mei 2021, fremu moja ilipotea na zote zilizofuata zikawa na muda wa uongo, nayo ikayumba hewani. Sasa muda unaandikwa pale picha inapopigwa, sio pale inapohifadhiwa. Saa mbili za kurekebisha nikiwa nimekaa kwenye gogo la mzee, betri ya laptopu asilimia 9.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbio nne, mita 40, kuanzia majivu laini mpaka jiwe jeupe, mawe njiani, mtaro mmoja. Nusu ya njia hana alama yoyote isipokuwa aliyoiacha mwenyewe.

Ya kwanza alisimama sentimita 80 kutoka kwenye jiwe. Ya pili 60. Ya tatu mita 1.3. Ya nne 70.

Saa moja na dakika kumi kila moja, maana anatembea sentimita 3 kwa sekunde na anasimama sana kufikiri. Tulikaa kimya wote watatu ile ya kwanza. Alipofika kwenye mtaro akasimama muda mrefu, nikadhani ameganda, alafu akageuka kulia polepole akaufuata ukingo mita kama 4 mpaka ulipoishia akapita. Dogo alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Mzee alisema, ameona. Neno hilo tu.

Ile ya tatu iliyofeli najua sababu. Upepo wa Agosti ulikuwa umeanza, saa saba hivi, unapuliza majivu juu ya njia kabla kamera haijazisoma herufi, na lenzi ya nyuma ikawa na vumbi. Logi inaonyesha shaka ilipanda kuanzia mita ya 18 na haikushuka tena, duara lake lilikuwa linafika mita 1.6 kila upande, kwa hiyo alijua kwamba hajui vizuri, na jiwe lilikuwemo ndani ya duara. Kwa mimi hiyo ya mita 1.3 haina tofauti na ushindi. Juni alikosea karibu mita 9 huku akiwa na uhakika kabisa.

Ya kufanya: kikofia cha lenzi ya nyuma, nitakata kopo la maziwa ya unga. Kamera isogezwe karibu na gurudumu, sentimita 15 badala ya 31, isome herufi kabla ya upepo kuzifikia. Herufi za gurudumu la kushoto zimeanza kubanduka, E imeshatoka. Jumamosi ijayo tunaanza saa moja asubuhi, mzee amesema ataacha geti wazi.